Dalmas na Milango Saba

Dalmas Amolo mimi simchukii. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kawangware wakinisikia nikimsema hudhani tuna kesi kwa chifu. Hatuna. Tulikaa chumba kimoja cha biashara miaka tisa, yeye na kamera yake upande wa ndani, mimi na cherehani yangu upande wa mlangoni, katikati yetu pazia, na kwa miaka hiyo yote hakuniudhi zaidi ya mara mbili kwa siku. Hata ubao wa nje nilimwachia. Uliandikwa AMOLO STUDIO YA PICHA kwa herufi za kuonekana kutoka Riruta, na chini kabisa, pembeni, mahali palipobaki: na fundi Sella.

Fundi Sella ni mimi.

Sasa, Dalmas alikuwa mpiga picha wa namna yake. Filamu ya kamera yake ilikuwa ya picha kumi na mbili tu, na alizigawa kama mama anayegawa nyama wageni wakiwa wengi. Mtu hakupigwa hivi hivi. Kwanza unanawa uso. Kisha unavaa koti la studio, ambalo nililishona mimi mwenyewe na kulipasua mgongoni ili limtoshe kila mtu, mnene na mwembamba. Nasimama nyuma yako, nalibana kwa pini, na ukitazamwa kutoka mbele wewe ni karani wa benki. Halafu unasimamishwa mbele ya kitambaa kilichochorwa ziwa, nyumba ya ghorofa na ndege inayopaa, na hapo Dalmas anaanza: "Kidevu juu. Mkono hapa. Usicheke. Hii picha itafika nyumbani, mama yako ataitundika ukutani, unataka akuone ukichekacheka kama mtu asiye na kazi?"

Na haki yake nitampa, hakuna mtu aliyetoka pale akiwa mbaya. Walevi walitoka wazee wa kanisa. Mimi mwenyewe, na uso wangu huu ambao Mungu aliumaliza haraka haraka kabla ya siku ya kupumzika, alinipiga mara moja nikajipenda wiki nzima.

Shida ilianza gazeti lilipomchukua. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Gazeti moja la mjini lilitaka mtu wa huku huku kwetu, maana wapiga picha wao wakiitwa kwenye vurugu za Kibera au Kawangware walikuwa wanafika watu washapatana na wanakunywa chai. Dalmas akapewa kadi yenye picha yake, aliyojipiga mwenyewe akiwa na koti langu, na akaambiwa kazi yake sasa ni kuonyesha wanyonge wanavyoonewa. Ile kadi aliivaa shingoni hadi chooni.

Lakini mkono uliozoea kupanga watu hauachi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwenye bomba la maji hapa Kawangware, akina mama wanagombana na mtu wa bomba, ndoo zinaruka, vitambaa vya kichwa viko matopeni. Dalmas akafika, akainua mkono, akasema, "Tafadhali, wafupi mbele." Na wakajipanga! Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Watu waliokuwa wakivutana nywele walisimama wakajifunga vitambaa vizuri, yule mtu wa bomba akawekwa katikati, ndoo zikapangwa miguuni. Mhariri wake, Bwana Wabwire, aliiangalia ile picha akauliza, "Amolo, hii ni vita ya maji ama ni kwaya?"

Dalmas alirudi amenuna. "Sella, mtu akiwa na hasira uso wake unaharibika," akaniambia. "Nimpeleke gazetini hivyo? Ana watoto."

Nilimwambia yeye ni mjinga, nikaendelea kushona.

Miaka miwili ikapita hivyo hivyo. Akitumwa kwenye nyumba zilizobomolewa, anarudi na familia imesimama juu ya vifusi kama iko Uhuru Park. Wabwire akimgombeza, yeye anasema ndiyo bwana, na kesho anafanya vile vile. Nafikiri walimweka tu kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kutembea kwenye yale matope.

Basi ikafika Aprili ya sabini na nane, mvua inanyesha kama imelipwa. Mdogo wangu Filister alikuwa amepanga Kianda, kule Kibera, chumba kimoja kati ya saba kwenye ploti ya Mzee Ishmael. Mume wake alikuwa mlinzi, anaondoka jioni anarudi asubuhi, kwa hiyo usiku Filister alibaki na watoto wake wawili. Jumamosi asubuhi nikamwona anaingia kwangu amelowa hadi kiunoni, ametembea kutoka Kianda na mtoto mgongoni. Hata salamu hakutoa.

"Dada, wametung'olea milango."

Kama hujakaa Kibera miaka ile utadhani hiyo ni habari ya seremala. Si hivyo. Mwenye ploti akitaka utoke na hana sababu, hakugusi. Anangoja uende kazini, anakuja na bisibisi, anang'oa mlango na kwenda nao. Hajakufukuza, nyumba bado ni yako. Lakini sasa mbuzi anaingia, mvua inaingia, na mwizi akipiga hodi ni kwa adabu yake tu.

Mzee Ishmael alikuwa amepata mjenzi mmoja aliyetaka vyumba vyote saba alaze wafanyakazi wake. Wapangaji wakasema sawa, tupe miezi mitatu tutafute kwingine. Akasema wiki moja. Wakakataa. Ijumaa walipokuwa kazini, hata mume wa Filister ameshikishwa zamu ya mchana, milango ikaondoka yote saba.

"Na chifu mmemwona?" nikamuuliza Filister.

"Tumemwona. Mzee alikuwa ametangulia. Amemwambia chifu ati ni sisi tumeng'oa milango tukapasua kuni, kwa sababu na hii mvua makaa hayapatikani. Ati anatudai milango yake!"

"Ala!" Nilisimama hadi cherehani ikayumba. "Mlango wa kupikia ugali?"

"Chifu anasema ni neno letu na neno lake. Baraza ni Ijumaa ijayo. Kama hatuna ushahidi, tunatoka siku hiyo hiyo na milango tunailipa." Filister si mtu wa kulia, tangu tukiwa wadogo mimi ndiye niliyekuwa nalia kwa niaba yake. Kumwona anajifuta macho kwa mkono uliolowa kulinichoma.

Dalmas akatoa kichwa kwenye pazia. "Ushahidi," akasema, "ni picha."

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kabla sijakumbuka ni nani anayeongea.

"Waambie majirani nakuja kesho," akamwambia Filister. Na hapo ndipo alipoharibu. Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wewe waambie watu wa magharibi, watu wa ziwani na Mkamba mmoja ati mtu wa kamera anakuja Jumapili, halafu utegemee kuwakuta wakiteseka? Walitoka kanisani wakaongeza na mafuta. Kalondu, jirani wa Filister, mwanamke mkubwa wa kutisha lakini mwenye moyo, alishinda asubuhi nzima akisukwa. Na ile mianya iliyokuwa na milango, kila mtu alitundika kitu kizuri kuliko vyote alivyo navyo, maana nani ataacha Nairobi nzima ione kitanda chake? Mwingine shuka, mwingine leso mpya, mwingine kitambaa cha meza kilichofumwa na mama mkwe.

Jioni nilizikuta picha zimeanikwa kwenye kamba, zinadondosha maji. Mdogo wangu amevaa gauni la harusi, mkono kiunoni, nyuma yake shuka jeupe la maua limeteremka vizuri kabisa. Hakuna aliyelowa. Hakuna aliyekonda. Kalondu hata alikuwa na mkoba.

"Dalmas," nikasema, "mlango ambao haupo uko wapi hapa?"

"Uko nyuma ya shuka."

"Yaani kitu ambacho hakipo, kiko nyuma ya shuka."

"Ndiyo."

Nilimsema siku hiyo! Nilimwambia wahenga walisema mficha uchi hazai, na yeye amewafunika hata kwa kitambaa cha meza. Akaniacha nimalize. Halafu akasema, taratibu tu, "Filister ndiye aliyeniomba. Alisema watu wa nyumbani wasimwone akilala kama mbuzi. Yawa, Sella, ningemvuta lile shuka kwa nguvu?"

Na ingekuwa ni mimi, ningeazima shuka jipya.

Jumatatu Wabwire akazitupa mezani. "Hawa wanaonewa na nani?" akauliza. "Na fundi wao wa nguo?" Hilo neno Dalmas aliniletea kama lilivyo, na akafurahia kuniletea. Lakini Wabwire hakumaliza hapo. Alisema gazeti haliwezi kusema upande mmoja, kwa hiyo aende akampige picha huyo mwenye ploti, asikie naye anasema nini. "Na tafadhali," akamwambia, "usimpange."

Mzee Ishmael alikaa Riruta Satellite, si mbali nasi. Alikuwa mpishi zamani, kwa Wazungu wa Lavington, na alipostaafu ndipo akajenga ile ploti ya Kianda. Jumanne Dalmas akaenda. Mimi sikwenda, nilikuwa na sare za shule za kumaliza, na namshukuru Mungu, maana ningekwenda ningeona mara moja na kupiga kelele, na yote yangeharibika. Yaliyotokea nayajua kwa mdomo wa Dalmas mwenyewe.

Alipokelewa vizuri. Akapewa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili. Mzee akasema aliyomwambia chifu, kwamba wapangaji wamechoma milango yake. Akauliza, "Itatoka gazetini kweli?" Dalmas akamwambia itatoka, na kwamba yeye atamtoa vizuri, asiwe na wasiwasi. Mzee akaingia ndani akavaa suti, akatoka na kofia.

Sasa tatizo likawa pa kusimama. Upande mmoja kuna banda la kuku, upande mwingine choo, nyuma ni ua wa miiba. Dalmas akazunguka pale akitikisa kichwa. "Mzee, hapa nyuma pabaya. Kule studio tungekuwa na ziwa."

Mzee akafikiri. "Ngoja," akasema. "Niko na kitu cha rangi."

Akaita vijana wake wawili wa kazi. Wakaenda stoo, wakatoa mbao kubwa kubwa za buluu, moja baada ya nyingine, wakaziegemeza kwenye ua zikiwa zimeshikana vizuri. Zikawa ukuta mzuri wa buluu. Mzee akasimama mbele, na Dalmas, ambaye jana yake tu alikuwa ameambiwa asimpange mtu, akamwambia kidevu juu, mkono kwenye mfuko wa koti, kofia kidogo upande.

Mtu yeyote mwenye macho mawili angeuliza hizo mbao ni za nini. Dalmas siku hiyo alikuwa na jicho moja, nalo lilikuwa kwenye kamera. Na Mzee naye, nimelifikiria sana hili, nadhani kwake ile ilikuwa rangi tu. Mtu akishakuwa mbele ya kamera hakumbuki aliyosema kwa chifu. Anakumbuka kuvuta tumbo ndani.

Jioni Filister alikuwa kwangu na watoto, wamekuja kulala palipo na mlango. Dalmas akatoka nyuma ya pazia na ile picha ikidondosha dawa, akaitundika akairudia kuitazama, amejipenda. Na kwa kweli ilikuwa picha. Mzee Ishmael alitoka kama waziri. Filister akapita akimbembeleza mtoto, akaitupia jicho, akasimama.

"Mlango wangu!"

"Wapi?" nikauliza.

"Huu! Dada, huu hapa! Ni mwandiko wangu!"

Nikasogeza taa. Juu ya bega la kushoto la Mzee Ishmael, kwa makaa, kwa zile herufi kubwa alizofundishwa Filister darasa la pili na hakuwahi kuziacha, palikuwa pameandikwa: UFUNGUO UKO KWA KALONDU. Alimwandikia mumewe, arudi asubuhi ajue pa kuingilia yeye akiwa ameenda vibarua. Najua unataka kusema kwamba na mwizi pia anasoma. Anasoma, ndiyo. Lakini aende kwa Kalondu auombe.

Tukazihesabu zile mbao. Saba. Ukiangalia vizuri hata tundu za bawaba zilionekana. Mzee alikuwa hajui kusoma, basi yale maandishi kwake yalikuwa uchafu tu wa makaa. Nilicheka, nikapiga makofi, nikamkumbatia mdogo wangu. Nilipogeuka nikamwona Dalmas ameketi kwenye kigoda cha wateja, mikono kichwani.

"Sella, siwezi kuipeleka hii."

"Unasema?"

"Aliniamini. Nilimwambia nitamtoa vizuri."

"Na umemtoa vizuri! Mwangalie! Ana mashavu ambayo hana!"

"Alinipa chai."

Ninayo maneno niliyomwambia baada ya hapo, lakini siyasemi, nina wajukuu. Watoto wa mdogo wangu wanakohoa na huyu ananiambia habari ya chai! Nilikuwa nimeshika pasi, na sijui ningefanya nini nayo. Filister ndiye aliyenishika mkono. Akamwendea Dalmas, akamwekea mtoto mapajani, yule mdogo aliyekuwa na kifua.

"Shemeji," akamwambia, na Dalmas si shemeji yetu kwa njia yoyote, "Ijumaa imebaki siku tatu. Ukinyamaza, mimi nitalala wapi?"

Dalmas akamsikiliza mtoto anavyopumua. Halafu akamrudisha kwa mama yake, akaitoa ile picha kwenye kamba bado mbichi, akaiweka katikati ya karatasi mbili na kutoka nayo kwenye mvua, kuelekea mjini. Nilimpenda kidogo siku ile. Kidogo.

Alhamisi ikatoka. Wabwire hakutukana wala hakutia chumvi. Chini ya picha aliandika mstari mmoja: Mzee Ishmael wa Riruta Satellite na milango saba ya wapangaji wake wa Kianda. Basi. Satellite nzima ikamwambia, "Mzee, umetoka gazetini!" na Mzee akalinunua, akajiona, akafurahi. Nani angemsomea? Wale vijana wake wawili walijua kusoma, sina shaka. Lakini mtu aliyewabebesha milango saba kwenye mvua bila hata kikombe cha uji, ni nani atakimbia kumwonya?

Ijumaa nilifunga kazi, nikaenda barazani. Mzee Ishmael alikuja na suti ile ile, gazeti ameliweka kwapani, amelikunja uso wake ukionekana kwa nje. Alisalimia watu wote, hata Filister. Chifu akaketi, akauliza wapangaji wana ushahidi gani. Filister akasimama na nakala yake mkononi, lakini kabla hajafungua mdomo chifu akamgeukia Mzee.

"Hiyo si gazeti ya jana? Nimesikia umo ndani."

"Nimo," akasema Mzee.

"Hebu tuone."

Mzee akalifungua, akaliinua juu kwa mikono miwili watu wote waone, akalizungusha polepole, kushoto na kulia. Chifu akasogea karibu, akavaa miwani. Akasoma mstari wa chini kwa sauti, neno kwa neno. Watu wakaanza kunong'ona. Halafu akasogea zaidi, akasoma yale ya nyuma ya bega.

"Kalondu ni nani?"

"Ni mimi!" Kalondu akapaza sauti kutoka nyuma. "Na ufunguo ninao!" Akauingiza mkono kifuani, akautoa, akaunyoosha juu, ufunguo wa kufuli ambalo lilikuwa halina mlango kwa wiki nzima. Baraza likaangua kicheko. Mtu mmoja akasema njia ya mwongo ni fupi, mwingine akasema hii ni fupi kuliko zote, imetoka Satellite ikaishia Kianda.

Mimi nilicheka hadi mbavu zikaniuma, sitadanganya. Mzee alikuwa bado ameliinua gazeti. Aliangalia watu, akaangalia chifu, kisha akaligeuza lile gazeti upande wake alione wanachokiona. Hapo ndipo alipoelewa. Akalikunja, akalirudisha kwapani, na safari hii uso wake ukiwa kwa ndani.

Chifu akaamua milango irudi kabla jua halijatua, na wapangaji wapewe miezi yao mitatu. Ikarudi kwa mkokoteni. Ikachanganywa, bila shaka. Filister akapewa mlango wa chumba cha sita, ambao haukufungika mpaka uupige teke, na kwa miezi mitatu majirani walijua saa anayotoka na saa anayoingia. Lakini usiku ule alilala, na watoto wakalala.

Wabwire alimshika Dalmas mkono mbele ya ofisi nzima. "Hatimaye," akamwambia, "umejifunza kutompanga mtu." Dalmas akasema ndiyo bwana.

Ingeishia hapo ningekuwa nacheka hadi leo. Lakini baada ya kama wiki tatu, asubuhi, nasikia hodi. Nainua macho, ni Mzee Ishmael, kofia mkononi. Nikashika mkasi. Si kwa ubaya, ndivyo nilivyo.

"Yule kijana wa picha yuko?"

Dalmas akatoka nyuma ya pazia, akasimama kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. "Karibu, mzee."

"Sikuja kugombana." Akatoa mfukoni ile picha, ameikata gazetini, imekunjwa hadi mikunjo imekuwa myeupe. "Nataka hii. Kubwa. Lakini bila maneno."

Tukatazamana. Yeye akadhani hatujaelewa, akaanza kueleza akiangalia sakafu. "Nimepika Lavington miaka ishirini na sita. Watoto wa pale kila mwaka wakisherehekea kuzaliwa, wanapigwa picha. Mimi ndiye ninashika keki. Wananiambia, Ishmael, rudi nyuma kidogo, rudi nyuma tena. Picha nyingi sana, na mimi niko na mkono tu. Hii ndiyo moja nimesimama."

Dalmas akaingia ndani kutafuta ile filamu. Mimi nikamsogezea Mzee kiti. Chai sikumpa, watoto wa Filister walikohoa wiki mbili. Tulikaa hivyo, yeye ananitazama nikishona, mimi ninashona vibaya.

Dalmas akarudi na picha kubwa kuliko daftari la shule, bado imelowa, ameiweka juu ya sinia. Mzee akaishika pembeni kwa vidole viwili viwili, asiiguse uso. Akaitazama sana. Akapitisha kidole chini yake, kwenye ule ukingo mweupe, palipokuwa na mstari wa gazeti.

"Umeyatoa maneno?"

"Nimeyatoa, mzee. Yalikuwa ya gazeti."

"Yote?"

Dalmas akaniangalia. Juu ya bega la Mzee zile herufi za Filister zilisomeka kuliko siku zote, kwa vile picha ilikuwa imekuzwa. Sote wawili tulikuwa tunazisoma.

"Yote," akasema Dalmas.

Mzee Ishmael akaitazama tena. "Basi mbona bado inanisema?"

Niliona haya, mimi Sella, ambaye sikuwa nimekosa chochote. Mzee akangoja ikauke, akaivingirisha ndani ya gazeti, akaaga kila mmoja kwa mkono. Dalmas alimsindikiza hadi karibu na Satellite, na aliporudi hakuwasha taa ya studio. Mchana akaja mteja anataka picha ya kupeleka nyumbani, nikamwambia aje kesho.